Maili Moja ya Ufuko

Jimbo la Oregon, magharibi mwa Marekani, limepakana na Bahari ya Pasifiki kwa urefu wa kilomita 580 hivi, kuanzia mdomo wa Mto Columbia upande wa kaskazini hadi mpaka wa California upande wa kusini. Ufuko huo wote umegawanywa katika vipande vya maili moja moja, yaani kilomita 1.6, na kila kipande kina namba yake. Mtu yeyote aweza kuomba akabidhiwe kipande kimoja na kuwa mwangalizi wake. Halipwi, si mwajiriwa wa serikali, wala hana mamlaka ya kumkamata mtu. Anachotakiwa ni kukitembea kipande hicho katika majira yote manne, mwaka baada ya mwaka, na kuandika anayoyaona: mchanga umepanda au umeshuka, genge limemeguka wapi, ndege gani wamekufa, bahari imetupa nini, na binadamu wanafanya nini hapo.

Kwa mtazamo wa haraka kazi hii ni matembezi tu. Lakini mtu anayefika ufukweni mara moja akakuta ndege kumi waliokufa hana namna ya kujua kama ameona msiba au jambo linalotokea kila mwaka. Anayepita hapo kila mwezi kwa miaka kumi anajua. Elimu yake haitoki chuoni. Inatoka katika kurudi mahali pamoja, na haipatikani kwa njia nyingine yoyote, hata kwa fedha nyingi.

Uangalizi wa namna hii uliota mizizi Oregon kwa sababu ufuko wa huko ni mali ya umma, na umma uliupigania. Mwaka 1913, barabara za pwani zilipokuwa chache na milima ikiingia hadi baharini, magari na mikokoteni ilipita juu ya mchanga mgumu maji yanapokupwa. Gavana Oswald West aliitumia hali hiyo kupitisha sheria fupi iliyoutangaza mchanga wote ulio kati ya maji kupwa na maji kujaa kuwa barabara kuu ya umma. Barabara haiuzwi kwa mtu binafsi, kwa hiyo mchanga ule nao haukuweza kuuzwa.

Mchanga mkavu wa juu, ule ambao maji hayaufikii kila siku, haukutajwa. Watu waliutumia kwa mazoea tu, mpaka mwaka 1966 mwenye hoteli mmoja katika mji wa Cannon Beach alipouwekea uzio ili wapumzike wageni wake peke yao. Ugomvi ukafika bungeni. Gavana Tom McCall alikwenda ufukweni kwa helikopta pamoja na wapima ardhi, akawaonyesha wananchi kwa vigingi mahali ambapo mstari wa haki yao ungepita, na tarehe 6 Julai 1967 akatia saini sheria iliyoufungua mchanga huo mkavu kwa watu wote hadi pale majani yanapoanza kuota. Mwenye ardhi aweza kubaki na hati yake, ila hawezi kumzuia mtu kupita, kukaa wala kuvua samaki hapo.

Haki ya kutumia mahali huzaa wajibu wa kupatunza, nao wajibu huo ulihitaji chombo. Mwaka 1971 wananchi waliunda Oregon Shores Conservation Coalition, muungano wa hifadhi ya pwani, na mwaka 1993 muungano huo ukaanzisha CoastWatch, mpango unaogawa ufuko maili kwa maili. Mwangalizi anaombwa apeleke ripoti angalau mara nne kwa mwaka, moja kwa kila majira. Ripoti huanza na mambo ya kawaida: tarehe, saa, hali ya maji, upepo. Kisha hufuata mchanga na magenge, wanyama hai na waliokufa, mimea, takataka, magari, mbwa, ujenzi. Jambo ambalo wanaoanza hupata taabu kulizoea ni kwamba ripoti ya siku isiyokuwa na tukio lolote ina thamani sawa na ripoti ya siku yenye nyangumi aliyekufa. Asiyeandika siku tulivu hatakuwa na cha kulinganishia siku ya dhoruba itakapofika.

Majira ya baridi ndiyo yanayoupindua ufuko. Kuanzia Novemba dhoruba huja zikifuatana kutoka upande wa Alaska, upepo huvuma kwa nguvu kutoka kusini na kusini-magharibi, na mawimbi ya mita 6 si jambo la kushangaza. Mawimbi haya ni marefu kwenda juu na yana nguvu nyingi. Mchanga uliochotwa kutoka juu ya ufuko haupati nafasi ya kutulia. Huvutwa ukaenda kulundikana katika mafungu chini ya maji, mbali kidogo na pwani. Ndani ya miezi michache uso wa ufuko waweza kushuka mita moja, mbili, hata zaidi. Mahali palipokuwa na mchanga laini mwezi Agosti panaonekana mawe matupu mwezi Februari. Kiangazi kinapofika, mawimbi madogo huusukuma mchanga ule kidogo kidogo ukarudi juu.

Mgeni anayeona ufuko wa Februari hudhani umeharibika. Mwangalizi anajua kwamba unapumua. Ili asidanganywe na kumbukumbu yake, huchagua alama isiyosogea, kama mwamba, ngazi au nguzo, na kila majira hupiga picha akiwa amesimama mahali palepale na kuelekea upande uleule. Picha ishirini za namna hiyo zikipangwa pamoja husema kama mchanga unaoondoka wakati wa baridi unarudi wote wakati wa kiangazi, au kama kila mwaka unapungua kidogo.

Mchanga hauendi ndani na nje peke yake, bali husafiri pia kandokando ya pwani. Mawimbi ya baridi huusukuma kwenda kaskazini, ya kiangazi huurudisha kusini. Wakaazi wa pwani ya Afrika Mashariki hawatashangaa, kwani fukwe zao nyingi hunona upande mmoja wakati wa kaskazi na kukonda upande huohuo kusi ikiingia. Oregon ina rasi kubwa za mawe zilizojitokeza baharini, na rasi hizi hukata pwani katika vyumba vinavyojitegemea. Mchanga uliomo ndani ya chumba kimoja huenda na kurudi, lakini ni kidogo sana kinachovuka rasi kuingia chumba cha pili. Kwa hiyo chumba kina akiba yake tu, na kikipoteza hakuna jirani wa kukikopesha.

Hesabu hii ilivurugika waziwazi katika miaka ya El Niño ya 1982–83 na 1997–98. Miaka hiyo usawa wa bahari ulipanda kuliko kawaida, na mawimbi yakaja kwa nguvu zaidi kutoka kusini-magharibi, yakaukusanya mchanga upande wa kaskazini wa kila chumba na kuuacha upande wa kusini mtupu. Hifadhi ya jimbo ya Cape Lookout, iliyo kaskazini tu mwa rasi yenye jina hilo, ilipoteza ufuko na tuta la mchanga lililokuwa likiikinga. Ni pigo lililoeleweka vizuri kwa sababu kulikuwa na vipimo na picha za miaka iliyotangulia.

Majira hayohayo ya 1997–98 yalifunua kitu kingine. Katika ufuko wa Neskowin mchanga uliondoka, vikajitokeza visiki vya miti mikubwa ya jamii ya msonobari, ambayo mizizi yake bado ilikuwa imeshika udongo. Umri wake ni miaka 2,000 hivi. Chini ya bahari mbele ya Oregon kipande kimoja cha gamba la dunia huingia chini ya kingine, na mara moja kwa karne kadhaa hutokea tetemeko kubwa linalofanya ardhi ya pwani ididimie. La mwisho lilikuwa Januari 1700, na wimbi lake lilivuka Pasifiki likaandikwa katika kumbukumbu za Japani. Visiki vya Neskowin ni vya zamani zaidi ya hapo, na inaaminika kwamba msitu ule uliuawa na maji ya chumvi pamoja na mchanga baada ya ardhi yake kushuka kwa namna hiyo.

Kati ya Novemba na Januari hufika pia mabamvua makubwa kuliko yote ya mwaka. Mwezi unapokuwa karibu na dunia, ukiwa umepangana na jua, na dunia yenyewe ikiwa inakaribia jua zaidi kuliko miezi mingine, maji hujaa kupita kiwango cha kawaida. Waangalizi huombwa watoke saa ya kilele na kupiga picha: maji yamefika kwenye ngazi ipi, barabara ipi, msingi wa nyumba gani. Faida ya picha hizo iko mbele. Usawa wa bahari unapanda, na pale panapofikiwa leo na bamvua la mwaka patakuja kufikiwa na maji ya siku za kawaida. Picha ya ua wa mtu ukiwa umezungukwa na maji humwonyesha mwenye ua kinachokuja vizuri kuliko mchoro wowote wa kompyuta.

Hapa pana hatari ambayo kila mwangalizi hufundishwa kabla ya jambo lolote. Pwani ya Oregon hupigwa na mawimbi ya ghafla yanayopanda ufuko mbali kuliko yaliyotangulia, na juu ya mchanga kumelala magogo makubwa yaliyoletwa na mito na dhoruba. Maji yenye kina cha goti yanatosha kuliinua gogo la tani kadhaa na kumbingirishia mtu. Watu wamekufa hivyo. Hakuna anayeruhusiwa kuipa bahari mgongo, na siku ya dhoruba kazi hufanyika kutoka juu ya genge.

Mwezi wa Machi au Aprili upepo hugeuka ukaanza kuvuma kutoka kaskazini, na bahari yote hugeuka nao. Kwa sababu dunia inazunguka, upepo unaokwenda kusini sambamba na pwani hii huyasukuma maji ya juu yaondoke pwani kuelekea bahari kuu. Nafasi yake hujazwa na maji yanayopanda kutoka kilindini, baridi na yenye rutuba tele. Ndiyo maana bahari ya Oregon hubaki baridi katikati ya kiangazi, wakati nchi kavu ina joto, na ukungu hutanda asubuhi. Rutuba ile ikipata jua huotesha vijimea visivyoonekana kwa macho. Vijimea huliwa na vidudu, vidudu na samaki wadogo, samaki na ndege, sili na nyangumi. Ufuko hupokea makombo ya karamu hiyo yote, na mwangalizi huyasoma.

Dalili ya kwanza ya machipuko mara nyingi ni rangi. Viumbe vidogo vya buluu viitwavyo velela, jamaa wa kiwavi cha baharini, huishi juu ya maji vikisukumwa na tanga dogo la ngozi angavu. Upepo ukivielekeza pwani hutupwa kwa maelfu, na mstari wa buluu hunyooka ufukweni hadi macho yanapoishia. Haumaanishi sumu wala maradhi.

Baada yao huonekana watoto wa sili, wakiwa peke yao juu ya mchanga. Mama huenda kuwinda akamwacha mtoto hapo kwa saa nyingi, na watu wenye huruma wasiojua hili humchukua wakidhani ametupwa. Mtoto aliyeguswa au kuzungukwa na watu huenda asirudiwe na mama yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 ya kuwalinda mamalia wa baharini inakataza kuwagusa. Mwangalizi anapomkuta hupiga simu kwa mtandao unaoshughulikia wanyama waliokwama, husimama mbali, na kuwaeleza wapita njia. Saa chache za kusimama hivyo pengine ndiyo huduma bora kuliko zote anazotoa kwa mwaka mzima.

Kuanzia tarehe 15 Machi hadi 15 Septemba baadhi ya fukwe huwekewa kamba kwa ajili ya kitwitwi mmoja mdogo wa rangi ya mchanga, ambaye hutaga mayai katika kishimo kisicho na hata jani. Mtu aweza kukanyaga kiota bila kujua. Ndege huyo aliingizwa mwaka 1993 katika orodha ya viumbe walio hatarini, wakati ambapo Oregon ilikuwa na wachache wasiofikia mia moja waliokuwa wakizaa. Baada ya miaka mingi ya kamba, walinzi na uangalizi wa viota, sasa wanahesabiwa kwa mamia.

Kiangazi ni majira ya hofu za uongo, na hapo mwangalizi mzoefu huonyesha thamani yake. Mamia ya kaa wa Dungeness huonekana wamelala ufukweni, magamba mazima, miguu yote, magando yote. Wageni hupiga simu wakisema kaa wanakufa kwa wingi. Mwangalizi huliokota gamba moja na kuliangalia upande wa nyuma: limefunguka kama mlango, ndani hakuna nyama, na halinuki. Kaa mwenyewe amejivua, yuko baharini akiwa laini, akisubiri gamba jipya ligande. Kukua kwake ndiko kunakotupa makoti hayo ufukweni.

Lakini kaa hufa kweli pia. Mwaka 2002 waliokotwa kaa na samaki waliokufa kando ya pwani ya kati ya Oregon, na uchunguzi ukaonyesha kwamba maji ya karibu na sakafu ya bahari yalikuwa yameishiwa hewa ya oksijeni. Vijimea vingi mno vilikuwa vimekufa na kuzama, na kuoza kwao kukala oksijeni iliyokuwepo. Mwaka 2006 hali hiyo ilirudi kwa ukali zaidi. Anayeweza kutofautisha gamba lililovuliwa na kaa aliyekufa hutoa taarifa inayomfikia mwanasayansi ikiwa imeshachujwa.

Kiangazi ndipo pia maji hukupwa sana asubuhi, na madimbwi ya mwambani hufunguka. Hapo, kuanzia mwaka 2013, pwani yote ya magharibi ya Marekani Kaskazini ilishuhudia viti vya pweza vikifa kwa njia ya kutisha: vidonda, mikono kukatika, mwili kuyeyuka ukabaki ute. Oregon ilipigwa vikali mwaka 2014. Kiti cha pweza kikubwa kuliko vyote, chenye mikono hadi ishirini na zaidi, kilitoweka karibu kabisa katika sehemu ya kusini ya makazi yake, na kwa kuwa hula urchini wa baharini, urchini hao waliongezeka wakala misitu ya mwani. Watu wa kujitolea walihesabu viti vya pweza mwamba kwa mwamba, wakiandika vilivyo hai, vyenye vidonda na vilivyokufa. Chanzo hakikujulikana kwa zaidi ya miaka kumi, mpaka mwaka 2025 watafiti walipokitambua kuwa bakteria aitwaye Vibrio pectenicida. Hesabu za ufukweni hazikumtambua bakteria huyo. Zilionyesha maradhi yalianza wapi, yalienea vipi, na wapi watoto wa viti vya pweza walianza kurudi.

Kati ya kazi zote za uangalizi, iliyopangwa kwa ukali zaidi ni ya ndege waliokufa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mwanasayansi Julia Parrish wa Chuo Kikuu cha Washington alianzisha COASST, mpango wa watu wa kujitolea unaoanzia kaskazini mwa California, kupitia Oregon na Washington, hadi Alaska. Sababu yake inaeleweka ukikumbuka mwaka 1989, meli ya mafuta Exxon Valdez ilipopasuka Alaska. Maiti za ndege zipatazo 35,000 ziliokotwa, lakini ili kujua mafuta yameua wangapi lazima ijulikane ni ndege wangapi hufa na kutupwa pwani bila mafuta yoyote, na kumbukumbu ya namna hiyo ilikosekana.

Anayejiunga hufundishwa kwa siku moja, kisha hutembea ufuko uleule kila mwezi. Akikuta ndege huanza na miguu, maana nyama huliwa na shakwe na manyoya hupeperuka, lakini miguu hudumu: ina ngozi kati ya vidole au haina, vidole ni vitatu au vinne. Kisha hupima mdomo, bawa na mguu kwa rula, hupiga picha ndege akiwa kando ya ubao mdogo ulioandikwa namba, na hufunga bawani vifungo vya plastiki vya rangi kwa mpangilio maalumu. Mwezi ujao mtu yeyote akimkuta ndege huyo atajua ameshahesabiwa. Maiti huachwa palepale. Kwa kuwa vipimo na picha vinabaki, mtaalamu aliye mbali anaweza kukagua kila jina la ndege lililoandikwa na kulisahihisha, na hapo ndipo data ya watu wasio wanasayansi ilipopata kuaminiwa na wanasayansi.

Ndege anayehesabiwa zaidi Oregon ni mure (Uria aalge), mweusi mgongoni na mweupe tumboni, anayezaa kwa maelfu juu ya miamba. Mtoto wa mure huruka baharini kabla hajaweza kuruka angani, na baba yake humfuata na kumlisha. Wengi hawafanikiwi. Kila mwaka mwezi wa Agosti na Septemba maiti za mure huongezeka ufukweni, na hilo ni la kawaida. Bila kumbukumbu ya miaka mingi, kila Agosti ingekuwa na kilio chake.

Kisha ikaja miaka isiyokuwa ya kawaida. Kuanzia mwishoni mwa 2013 eneo kubwa la Pasifiki ya kaskazini-mashariki lilipata joto, digrii 2 hadi 3 juu ya wastani, na joto hilo likadumu hadi 2016. Majira ya baridi ya 2014–15 ndege wadogo wa aina ya okleti (Ptychoramphus aleuticus) walitupwa ufukweni kwa makumi ya maelfu. Kuanzia katikati ya 2015 ikawa zamu ya mure. Kutoka California hadi Alaska ziliokotwa au kuonekana maiti na ndege mahututi wapatao 62,000, wengi wakiwa wamekonda kwa njaa. Maji ya joto yalikuwa yamewapunguza samaki wadogo ambao mure huwategemea, huku samaki wakubwa wakihitaji kula zaidi na kuwanyang'anya hao waliobaki. Ndege wengi wanaofia baharini hawafiki pwani, kwa hiyo hesabu ya ufukweni ni sehemu ndogo tu. Mwaka 2024 watafiti, wakitumia safari hii hesabu za miamba ya kuzalia, walikadiria kwamba Alaska pekee ilipoteza mure milioni 4, nusu ya wote iliokuwa nao. Waliotangulia kuona ishara walikuwa watembea ufuko, wakiwa na rula zao.

Takataka nazo zina historia hapa. Oktoba 1984 zaidi ya watu 2,000 walijitokeza siku moja kuusafisha ufuko wote wa Oregon, kwa wito wa mfanyakazi wa idara ya wanyamapori, Judie Neilson, na desturi hiyo ikaenea. Mwangalizi hasafishi tu. Huandika aina ya takataka, kwa sababu kamba za wavuvi, chupa za wapita njia na chembe za plastiki za viwandani zina wenyewe tofauti na dawa tofauti. Baada ya tsunami iliyopiga Japani Machi 2011, vitu vilianza kufika kutoka ng'ambo ya Pasifiki. Tarehe 5 Juni 2012 gati zima linaloelea, lenye urefu wa mita 20, lilikutwa Agate Beach karibu na Newport. Lilikuwa limetoka bandari ya Misawa. Zege lake lilikuwa limejaa mwani, kome, kaa na viumbe wengine wa Japani, wazima. Wafanyakazi wa jimbo na watu wa kujitolea waliwakwangua wote na kuwazika juu ya mstari wa maji kabla hawajapata kuzaliana. Utafiti uliochapishwa 2017 ulipata aina karibu 300 za viumbe waliovuka bahari juu ya vitu vya tsunami ile, na sehemu kubwa ya ushahidi ilitokana na watu waliokuwa wakiangalia fukwe zao na kutoa taarifa mapema.

Pwani ya Afrika Mashariki ina kazi iliyo ndugu ya hii. Watamu, nchini Kenya, viota vya kasa vimefuatiliwa tangu 1997, ambapo doria hutembea ufuko kumtafuta kasa aliyepanda kutaga, huhesabu viota, na kuhamisha mayai yaliyotagwa mahali ambapo bamvua lingeyafikia. Mayai hukaa mchangani miezi miwili hivi, na joto la mchanga ndilo linaloamua yatoke majike au madume. Kwa hiyo kule pia kumbukumbu ya msimu mmoja haitoshi.

Uangalizi wa kujitolea una upungufu wake. Watu hupenda kutembea siku za jua na fukwe zilizo karibu na maegesho, hivyo vipande vya mbali na siku za dhoruba hupata ripoti chache. Jicho lililozoea huacha kuona jambo linalobadilika taratibu mno. Mtu huzeeka au huhama, na kipande hukaa bila mwenyewe. Waratibu hujaribu kuziba mianya hii kwa mafunzo, fomu zenye maswali yaleyale kila mara, na kuwapa watu kadhaa kipande kimoja.

Mahali ambapo ripoti za CoastWatch hugongana na fedha na sheria ni kuta za mawe. Nyumba iliyo juu ya genge linalomeguka humtia mwenyewe hofu, na dawa ya haraka ni kumwaga mawe makubwa chini yake. Ukuta huilinda nyumba, lakini huzuia mchanga wa genge kuushukia ufuko, hurudisha nguvu za mawimbi kwenye mchanga uliopo, na mbele yake ufuko hukonda. Ufuko huo, kwa sheria za 1913 na 1967, ni wa watu wote. Kwa hiyo Oregon huruhusu kuta hizo tu pale ambapo ardhi ilikuwa imeshaendelezwa kufikia tarehe 1 Januari 1977, na kibali hutolewa na idara ya hifadhi za jimbo. Waombaji ni wengi, na dhoruba kila mwaka huongeza wengine. Mwangalizi anayekuta mawe mapya chini ya genge hupiga picha, huzilinganisha na zake za majira yaliyopita, na hupeleka taarifa kwa idara iulize kibali kiko wapi. Na maombi ya ukuta yanapojadiliwa hadharani, anayo haki ya kusimama na kueleza jinsi maili yake ilivyokuwa wakati wa baridi na wakati wa kiangazi, mwaka hadi mwaka, akiwa na picha mkononi.